DAKTARI YUPO, KIBALI BADO: Foleni ya karatasi na wagonjwa wa Tabora



Kuna swali linajitokeza kila tukigusa hospitali za mkoani kwetu. Kama kuna daktari bingwa wa nje ambaye mwenyewe anataka kuja Nkinga, Ndala au Sikonge, kwa nini kumpata inaweza kuchukua miezi na miezi? Wengi tunajibu "rushwa tu hiyo" halafu tunahamia kwenye mpira. Leo tuchambue taratibu, maana jibu ni refu kuliko neno moja, na anayeumia ni sisi tunaougua huku.

TABORA NA MADAKTARI WAGENI

Hii habari si ya jana. Mwaka 1872 Dk. Livingstone alikaa Kwihara, hapo nje kidogo ya mji, kuanzia Machi mpaka Agosti akisubiri wapagazi na mizigo kutoka pwani. Yaani miezi mitano mtu amekaa tu. Kwenye njia ile ya misafara kulikuwa na "vibali" pia. Ukifika Ugogo unalipa hongo kwa watemi ndipo upite. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia, kila mtu anaujua. Leo neno hilohilo lina maana nyingine, mnaijua.

Mwaka 1889 akafika Karema, kule Ziwa Tanganyika, kijana anaitwa Adrian Atiman. Alizaliwa Mali ya leo, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta. Alitibu watu Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Daktari mgeni, Mwafrika, sehemu ambayo wengi hawakutaka kwenda.

Baadaye wakaja wengine. Nkinga, wilaya ya Igunga, ilianzishwa na wamisionari wa Kiswidi na leo ni hospitali ya rufaa chini ya kanisa la FPCT. Ndala, wilaya ya Nzega, ni ya Wakatoliki na imewahi kuwa na madaktari wa Kiholanzi. Sikonge ni ya Wamoravian. Timu za madaktari wa China zilianza Zanzibar mwaka 1964 na Bara mwaka 1968, na Tabora ni moja ya mikoa iliyowahi kuzipokea.

Sasa angalia ukubwa wa mkoa. Kwa eneo hakuna mkoa mkubwa kuliko Tabora nchi nzima. Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 3.3. Mgonjwa wa Kaliua au Sikonge ndani ndani akiambiwa bingwa hayupo, safari inayofuata ni Mwanza au Dar, na nauli anaijua mwenyewe.

MILANGO MITATU

Daktari mgeni anayetaka kufanya kazi Tanzania Bara ana milango mitatu ya kupita.

Wa kwanza ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Wanakagua vyeti na kumpa usajili. Hapa hakuna mjadala. Hatutaki mtu aje na cheti cha kuchonga halafu ashike kisu.

Wa pili ni Kamishna wa Kazi. Kabla ya 2015 kibali cha mgeni kilikuwa zaidi shughuli ya Uhamiaji. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria mpya ya kuratibu ajira za wageni, na kibali cha kazi kikawekwa chini ya Kamishna. Sheria ina madaraja, na watu wa afya wamewekwa Daraja B pamoja na fani nyingine maalumu, mfano walimu wa sayansi na hisabati. Mwajiri ndiye anayeomba. Anatakiwa kuonyesha kwamba alitafuta Mtanzania akakosa, na awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi hiyo baadaye. Kibali kinadumu miezi 24, kikiisha unaomba kuhuisha.

Wa tatu ni Uhamiaji, kwa ajili ya kibali cha ukaazi. Hata Mkenya au Mganda anahitaji kibali. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza 2010 halikufuta hilo.

Ukiitazama milango hii mmoja mmoja, kila mmoja una sababu yake. Shida ni kwamba imepangwa kama behewa za treni. Usajili ukikwama, kibali cha kazi kinakwama. Kibali cha kazi kikikwama, ukaazi nao umekwama. Cheti kimoja kikihitaji kutafsiriwa au kuthibitishwa upya, behewa zote zimesimama. Tangu 2021 maombi ya kibali cha kazi yanafanyika kwa mtandao, na hilo ni jema, mhasibu wa hospitali hapandi tena basi kupeleka bahasha. Ila faili likikosa karatasi moja, mtandao hauwezi kuitengeneza.

Halafu fikiria hospitali yenye daktari mpasuaji mmoja. Mkataba wake unaisha Juni, wa kubadilishana naye bado yuko kwao anasubiri. Julai nani anapasua? Hospitali kubwa ya Dar ikikosa mmoja, wapo wengine. Ya kijijini ikikosa mmoja, chumba cha upasuaji kinafungwa au kinabaki na mambo madogo madogo. Na huyo anayesubiri naye ana familia ya kulisha. Akipata kazi kwingine, unaanza upya mlango wa kwanza.

VIPI KUHUSU VIJANA WETU?

Najua mtu ataniuliza: kwa nini tuhangaike na wageni wakati madaktari wetu wako mtaani hawana ajira? Swali zuri, na lina ushahidi. Machi 2017 Rais Magufuli alikubali kupeleka madaktari 500 Kenya, baada ya mgomo mrefu wa madaktari kule. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, mpango ukazuiwa. Aprili serikali ikatangaza kuwaajiri hapahapa 258 waliokuwa wameomba.

Umeona hapo? Madaktari walikuwepo, kilichokosekana ni nafasi zenye mshahara. Hilo halisababishwi na mgeni wa Ndala. Na daktari aliyemaliza chuo juzi si sawa na bingwa wa mifupa au wa watoto. Huyo anachukua miaka mingine kadhaa kumsomesha, na anasomea pembeni ya bingwa mwingine. Bingwa asipokuwepo, kijana wetu atajifunza kwa nani?

WENZETU WANAULIZA SWALI JINGINE

Marekani nao wana tatizo hilihili. Daktari mgeni aliyesomea ubingwa kwao kwa viza ya mafunzo anatakiwa kurudi nyumbani miaka 2. Lakini tangu 1994 kuna mpango unaoitwa Conrad. Kila jimbo linaweza kuwaombea madaktari 30 kwa mwaka msamaha wa sharti hilo, kwa masharti kwamba wafanye kazi miaka 3 sehemu yenye uhaba wa madaktari. Si kwamba mambo yao yamenyooka. Nchi moja haiwezi kupata zaidi ya asilimia 7 ya kadi za ukaazi wa kudumu kwa njia ya ajira, kwa hiyo daktari wa Kihindi anayetibu kijiji kizima cha Marekani anaweza kusubiri zaidi ya miaka 10. Foleni ipo hata kwa matajiri.

Ila kuna kitu cha kujifunza. Mpango wao unauliza: daktari huyu anakwenda WAPI? Sheria yetu inauliza ni nani, ana fani gani, nani kamwajiri. Anayekwenda kliniki ya Masaki na anayekwenda Sikonge wako Daraja B wote, foleni moja.

NINACHOPENDEKEZA

Sisemi milango ifutwe. Nasema haya:

1. Hospitali za mikoa yenye uhaba zipewe foleni yao, na faili lifunguliwe ofisi zote tatu kwa wakati mmoja.

2. Siku za kujibu zitangazwe na zifuatwe. Foleni isiyo na tarehe ndiyo shamba la hongo ya leo.

3. Anayehuisha kibali kwa wakati aendelee kutibu mpaka ajibiwe.

4. Mpango wa kumwandaa Mtanzania ukaguliwe kweli, wodini. Baada ya miaka 2, nani amefundishwa nini?

Na wewe unayesoma hapa, siku mbunge wako akija kwenye mkutano usiulize barabara tu. Muulize hospitali ya wilaya ina nafasi ngapi za mabingwa zilizo wazi, na kuna daktari gani anasubiri karatasi. Atakapokosa jibu hadharani, mkutano ujao atakuja nalo.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti aseme, tuelimishane bila matusi.