Petit Pays: Mtoto aliyejificha kwenye vitabu, na kwa nini stori yake inagusa Ngara na Biharamulo

Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, zaidi ya watu 200,000 walivuka Daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Benaco ikageuka mji wa mahema. Aliyekuwa na miaka 10 Ngara au Biharamulo wakati ule, leo yuko kwenye miaka ya 40.

Upande wa pili wa mpaka kuna mtoto wa rika hilohilo ambaye stori yake imesomwa duniani kote. Anaitwa Gabriel, au Gaby. Ni mhusika mkuu wa Petit Pays, riwaya ya Gaël Faye iliyotoka Ufaransa mwaka 2016.

Inahusu nini?

Gaby anaishi Bujumbura, mtaa wa Kinanira. Baba ni Mfaransa, mama ni Mnyarwanda aliyekimbilia Burundi. Maisha ni ya kitoto: kuzurura na washikaji, kuiba maembe kwenye bustani ya jirani, kisha kumuuzia jirani huyohuyo.

Oktoba 1993, Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi kuchaguliwa kidemokrasia, anauawa. Miezi michache baadaye yanafuata mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ndoa ya wazazi ilishavunjika, sasa na mtaa nao unavunjika. Marafiki wanaanza kuulizana nani ni nani.

Faye mwenyewe alizaliwa Bujumbura mwaka 1982 na kuhamia Ufaransa mwaka 1995, akiwa na miaka 13. Hata hivyo kitabu ni riwaya, si wasifu wake.

Gaby anakuwaje mwandishi?

Kwa njia mbili za kawaida kabisa. Ya kwanza ni barua. Shuleni anapangiwa kuandikiana na Laure, msichana wa Ufaransa. Ili Laure aelewe, Gaby inabidi aeleze vitu ambavyo kwake ni vya kila siku. Hapo ndipo anaanza kuitazama nchi yake kama mwandishi.

Ya pili ni jirani yule wa maembe, Bi Economopoulos, mama mzee mwenye asili ya Ugiriki. Nyumba yake imejaa vitabu. Anamwazima Gaby kimoja, akikirudisha anauliza amekionaje, kisha anampa kingine.

Kuna pia baiskeli. Ya Gaby inaibiwa, inatafutwa, na inakutwa kijijini kwa familia maskini iliyoinunua bila kujua. Gaby anarudishiwa mali yake, lakini anaondoka na aibu. Mtoto anayeweza kuona maumivu ya aliyenyang'anywa, hata pale yeye mwenye haki, tayari ana jicho la kuandika.

Je, vitabu vilimwokoa?

Hapa ndipo riwaya ina uzito. Wenzake wanapounda genge la kulinda mtaa, Gaby anajifungia na kusoma. Vita inamfuata hukohuko. Anashinikizwa kushiriki tendo la kikatili ambalo hatulitaji hapa, ili usiharibikiwe utamu.

Kwa hiyo Faye hadanganyi kwamba kusoma ni ngao. Vitabu vinampa Gaby muda wa kupumua, basi. Faida yake kubwa inakuja miaka mingi baadaye, anaporudi Bujumbura akiwa mtu mzima na kupata maneno ya kusimulia yaliyotokea.

Ngara na Biharamulo zinaingiaje?

Kihangaza cha Ngara ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Malori ya Burundi hupita Kabanga, ya Rwanda hupita Rusumo, na barabara zao zinaendelea hadi Biharamulo. Wakimbizi wa Burundi waliishi kambi ya Lukole, Ngara, hadi ilipofungwa mwaka 2008. Mwaka 1995 ilianzishwa Radio Kwizera hapohapo Ngara, na jina lake linabeba maana ya kutumaini.

Kwenye Petit Pays, anayesimulia ni mtoto anayeona nchi ikiwaka akiwa ndani yake. Stori ya mtoto aliyesimama huku Tanzania, akaona barabara imejaa watu wenye magodoro kichwani na kesho yake darasani kuna nafasi ya kuwaza nini zaidi ya hilo, ni stori nyingine. Wanaoikumbuka bado wapo, na wana watoto wenye simu mkononi.

Unayetaka kuandika uchukue nini?

Anza kama Gaby: mwandikie mtu mmoja asiyekujua kwako. Mweleze embe, baiskeli, jirani. Siasa itaingia yenyewe.

Petit Pays ilishinda tuzo ya Goncourt des lycéens mwaka 2016, ambayo washindi wake huchaguliwa na wanafunzi wa sekondari Ufaransa. Tafsiri ya Kiingereza, Small Country, ilitoka 2018, na filamu yake 2020.