Fahamu: Sonic Youth walivyoanza na nyimbo 5 na drili

Drili ya umeme, ile ile ya fundi wa kutoboa kuta, imo ndani ya "The Burning Spear", wimbo unaofungua rekodi ya kwanza ya Sonic Youth, bendi ya roki ya majaribio kutoka New York. Aliyeishika ni mpiga gitaa Lee Ranaldo. Wakenya wataligutukia jina la wimbo huo: "mkuki uwakao" alikuwa Jomo Kenyatta, na Winston Rodney wa Jamaika alishalichukua kwa ajili ya rege yake.

Rekodi ilitoka 1982 kupitia Neutral, lebo ya mtunzi Glenn Branca. Ni EP ya nyimbo 5, haifiki hata nusu saa. Wengine kwenye bendi walikuwa Thurston Moore wa gitaa, Kim Gordon wa besi na Richard Edson wa dramu.

Cha ajabu, magitaa humo yamefungwa nyuzi kwa mpangilio wa kawaida. Kuzilegeza na kuzikaza kwa namna zisizozoeleka, jambo lililokuja kuwapa sifa duniani, kulishika kasi baadaye. Ndiyo maana EP hii ni safi kuliko zilizoifuata: besi iko mbele, dramu zinakwenda kwa nidhamu, kelele zinapewa nafasi yake. Kwa maoni yangu, anayeogopa kelele za bendi hii aanzie hapa.

Edson hakukaa. Alihamia kwenye filamu, na 1984 akaonekana katika "Stranger Than Paradise" ya Jim Jarmusch.