Mpaka wa virusi katika damu ya panya shamba

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Dodoma, ukayapita mashamba ya mpunga ya Dakawa, kisha Dumila, na kuanza kupanda kuelekea Gairo, utavuka mpaka usio na kibao wala kizuizi. Upande wa Morogoro, panya shamba hubeba virusi viitwavyo Morogoro. Upande wa Gairo, panya ambao kwa macho huwezi kuwatofautisha na wale wa kwanza hubeba virusi vingine, viitwavyo Gairo. Mashamba hayakatiki njiani, wala panya hawakatiki. Kinachokoma ni virusi.

Jambo hili linatuhusu sana. Panya shamba, Mastomys natalensis kwa jina la kisayansi, ndiye spishi ileile inayoeneza homa ya Lassa huko Afrika Magharibi, ugonjwa uliotambuliwa Nigeria mwaka 1969 na ambao bado unaua watu kila mwaka. Virusi vya Morogoro na Gairo ni jamaa wa virusi vya Lassa, ila havijulikani kumfanya binadamu augue. Panya huyu ameenea karibu kila pembe ya Afrika kusini mwa Sahara, na ni jirani wa mamilioni ya wakulima wetu. Kwa nini basi homa ya Lassa imebaki magharibi? Sehemu kubwa ya jibu imetafutwa hapa Morogoro.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kimekuwa kikiwafuatilia panya hawa pamoja na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji tangu miaka ya 1990. Kazi yenyewe haina makeke. Jioni mitego midogo ya bati hutegwa kwa mistari shambani, chambo kikiwa siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Asubuhi kila panya aliyenaswa hupimwa uzito, huangaliwa kama ni dume au jike na kama ana mimba, hutiwa alama, hutolewa tone la damu linalokaushwa kwenye karatasi ya chujio, kisha huachiliwa palepale aliponaswa. Akinaswa tena mwezi ujao, alama yake humtambulisha. Katika tone lile mna kingamwili zinazoonyesha kama aliwahi kuambukizwa, na mara nyingine mna virusi vyenyewe. Vinasaba vyake, navyo, hueleza ukoo wake.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba panya shamba hawako sawa wote. Vinasaba vya mitokondria, ambavyo kila panya hurithi kwa mama yake, vinaonyesha koo sita kuu barani Afrika, zilizotengana zama za kale pale mabadiliko ya tabianchi yalipoikata savana vipande vipande. Koo tatu kati ya hizo zinakutana Tanzania: mmoja ni wa kati na kaskazini, mwingine wa mashariki, ambao ndio wa Morogoro, na wa tatu ni wa kusini-magharibi. Kila ukoo umekutwa na virusi vyake. Wa kwanza una Gairo, wa pili Morogoro, na wa tatu una virusi vya Luna, vilivyogunduliwa kwanza Zambia.

Mtu angeweza kusema kwamba virusi havijapata tu nafasi ya kuvuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliijibu hoja hiyo. Watafiti walitega panya katika eneo ambapo ukoo wa kati na wa mashariki unakutana, wakasoma vinasaba vya panya na vya virusi kwa pamoja. Waliona kwamba panya wa koo hizo mbili wanapandana na kuzaa machotara, na kwamba makazi yao yameungana bila pengo. Nafasi ya kuvuka ipo, tena kila siku. Hata hivyo virusi vya Gairo na vya Morogoro vilikutwa pamoja katikati tu ya eneo hilo. Ukisogea upande wowote, kila kirusi kinabaki kwa wenyeji wake. Ugumu wa kuvuka, kwa hiyo, unaelekea kuwa mwilini mwa panya mwenyewe, na huenda hilo ndilo linaloibakiza homa ya Lassa magharibi.

Mwili humzuia mvamizi kwa hatua. Kwanza, kirusi lazima kipate pa kushika kwenye ukuta wa seli. Umbo la protini ya ukutani likibadilika kidogo kwa sababu ya badiliko la jeni, mlango unakuwa mgumu. Kikishaingia, kinakutana na kinga ya ndani. Kuna kundi la jeni ambazo kazi yake ni kutengeneza protini zinazochukua vipande vya mvamizi na kuvianika juu ya seli, ili askari wa mwili waione seli iliyoambukizwa na kuishambulia. Jeni hizi zina sura nyingi ajabu, na kila sura hushika vipande vya aina yake. Panya aliyerithi sura tofauti kwa baba na kwa mama hutambua maadui wengi zaidi. Ni kama mkulima wa Mgeta anayepanda mbegu mchanganyiko: ugonjwa ukiiangusha moja, nyingine husimama.

Lakini ustahimilivu una sura mbili, na kuzichanganya ni hatari. Kuna panya anayemfukuza mvamizi, na kuna panya anayeishi naye bila kuumwa. Panya shamba mwenye virusi vya Morogoro haonyeshi ugonjwa. Kwa kawaida virusi hutoweka katika damu baada ya wiki mbili hadi tatu, lakini huendelea kutoka katika mkojo na mate kwa wiki kadhaa. Anakula, anazaa, anakimbia kama wenzake. Kwa hiyo panya mnene mwenye manyoya laini si ushahidi kwamba nyumba iko salama. Afya yake ndiyo inayomfanya awe msambazaji mzuri.

Tauni inatufundisha somo hilohilo. Majaribio ya Afrika Kusini yaliyochapishwa miaka ya 1980 yalilinganisha Mastomys natalensis, mwenye kromosomu 32, na ndugu yake Mastomys coucha, mwenye kromosomu 36. Kwa macho hawatofautiani, lakini wa pili alikufa kwa tauni kwa urahisi zaidi kuliko wa kwanza. Nchini Madagaska tauni iliingia kwa meli mwaka 1898, ikapanda nyanda za juu mwaka 1921 na kukita mizizi huko. Leo panya weusi wa nyanda hizo huistahimili kuliko wale wa pwani, na watoto wao waliozaliwa maabara, wasiowahi kukutana na tauni, wameurithi ustahimilivu huo. Chini ya karne moja, kifo kilichagua nani azae. Na panya wanaopona ndio wanaoihifadhi tauni kwa ajili ya msimu ujao.

Sisi pia tumeonja magonjwa ya panya. Wilaya ya Lushoto iliteswa na tauni kuanzia mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Profesa Bukheti Kilonzo wa SUA ni miongoni mwa waliojitolea kuichunguza, na panya wa milima ya Usambara, iliko Lushoto, aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 2007 amepewa jina la Lophuromys kilonzoi kwa heshima yake. Mwaka 2022 homa ya Mgunda iliua watu mkoani Lindi, na vimelea vyake huenezwa pia kwa mkojo wa panya.

Maarifa haya yana kazi hata kwenye miteremko ya milima ya Uluguru. Panya shamba hupenda mashamba na vichaka vilivyofyekwa, na hukwepa msitu mnene, ambao una panya wake, kama Praomys delectorum, ambao zama ndefu za kutengana zimewafanya watofautiane kinasaba mlima kwa mlima. Kila ekari ya msitu inayogeuzwa shamba humpandisha panya shamba, pamoja na vimelea vyake, hadi mlangoni kwa viumbe ambao kinga yao haijawahi kupimana navyo.

Kwa mwenye nyumba, hatua ni zilezile kwa panya wa ukoo wowote: nafaka ihifadhiwe kwenye chombo kinachofungwa, chakula kifunikwe, stoo yenye kinyesi cha panya iloweshwe kabla ya kufagiliwa ili vumbi lisipande, na panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Kwa kijiji, kutega kwa pamoja kabla ya panya kuongezeka kunafaa kuliko kumwaga sumu baada ya mbegu kufukuliwa. Shamba lililosafishwa peke yake hujaa upesi panya vijana wanaohamia kutoka kwa jirani, na wengi wao hawajawahi kuambukizwa, kwa hiyo virusi hupata wenyeji wapya.

Kwa serikali na vyuo ombi langu ni moja: mitego ile isikome. Mpaka wa Gairo na Morogoro uligunduliwa kwa sababu kuna watu walioendelea kutega, kupima na kutunza sampuli hata miaka ambayo hapakuwa na mlipuko wa kuwatia hofu wafadhili. Mabasi na malori ya mizigo yanapita katika mpaka huo usiku na mchana, na panya hawakatiwi tiketi. Siku mpaka huo utakapoanza kusogea, tutajua mapema endapo tu kuna mtu anayeendelea kuupima.