Usiipandie Paneli, Ikague Betri

Taa za sola zikianza kufifia saa mbili usiku, mtu wa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, hulaumu paneli. Fundi anaitwa, anapanda mabati, anapangusa, anashuka na kutangaza kwamba paneli imechoka. Mara nyingi haijachoka. Paneli nzuri hufanya kazi miaka 25 na zaidi, ikipoteza nguvu kidogo kidogo tu kila mwaka. Kinachokufa ni betri, na wanaoiua ni wenye nyumba wenyewe, polepole, bila kujua.

Si kwamba paa halina kazi yake. Udongo wa huku ni wa jivu la volkano, mwepesi, na wakati wa kiangazi kila pikipiki inayopita kwenye vichochoro huurusha mpaka juu ya mabati. Kuna ndege wa ziwani pia. Paneli ya volti 12 kwa kawaida huwa na seli 36 zilizoungwa kwa mfuatano, kwa hiyo kinyesi kikifunika seli moja, zilizobaki nazo hubanwa, kama mpira wa maji uliokanyagwa mahali pamoja. Kivuli cha waya wa kuanikia nguo au cha antena ya jirani hufanya vivyo hivyo.

Karagita iko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, na ndiyo sababu mafundi huilaza paneli bapa juu ya bati. Jua litaifikia, ni kweli, lakini vumbi halitatoka. Iinuliwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe, na iachiwe nafasi ya hewa chini yake: kila nyuzi ya joto inayozidi 25 huipunguzia takriban asilimia 0.4 ya nguvu, na bati la saa saba mchana huchoma. Ioshwe alfajiri, kabla ya kwenda zamu ya shamba la maua, kioo kikiwa bado baridi, kwa kitambaa laini na maji ya mvua yakipatikana. Maji ya kisima yakikauka huacha madoa meupe.

Sasa tushuke ndani ya nyumba, kwenye kiini cha tatizo. Paneli ya wati 100 ikipata jua kamili la saa 5 kwa siku hutoa wati-saa 500 kwenye karatasi; ukitoa joto, vumbi na hasara za nyaya na betri, zinabaki kama 350. Televisheni ya wati 30 kwa saa 5 hula 150. Taa nne za wati 5 kila moja kwa muda huohuo hula 100. Simu tatu, 40 hivi. Hadi hapo mambo ni sawa. Ukiongeza wufa ya wati 50 kwa saa 4 jioni, hiyo ni 200 nyingine, na betri inalala na pengo ambalo jua la kesho haliwezi kuliziba. Julai, mawingu yakitanda juu ya bonde asubuhi hadi mchana, pengo huzidi.

Betri ya risasi na asidi haivumilii njaa hiyo. Kila inapotumika, salfeti ya risasi hujijenga kwenye bamba zake. Betri ikichajiwa hadi kujaa, salfeti hiyo huyeyuka. Ikiachwa nusu tupu siku nyingi, huganda kuwa fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na nafasi ya kuhifadhi umeme hupotea kabisa. Hapo ndipo utasikia, "Inajaa haraka, inaisha haraka." Mita ya fundi ikisoma volti 12.7 betri ikiwa imepumzika, imejaa. Ikisoma 12.2, iko nusu, na afadhali uzime wufa. Betri za lithiamu huvumilia kutumika zaidi ya hapo, ila zinataka kontrola ya kuchajia iliyorekebishwa kwa ajili yao.

Betri kuukuu ya lori ni hasara, hata ikiuzwa bei ya kutupwa. Bamba zake nyembamba zilitengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kulisha televisheni usiku kucha.

Betri yenye vifuniko vya kufungua ikaguliwe kila mwezi, bamba zisibaki wazi. Ongeza maji ya betri peke yake. Visima vingi vya Naivasha vina floridi, ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, pamoja na madini mengine. Hayana kazi ndani ya betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha upake vaselini. Ukitaka kuiondoa, chomoa kwanza waya wa paneli kwenye kontrola, ndipo wa betri. Kurudisha, anza na betri. Na tafadhali, chumba kikiwa kimoja, isikae karibu na jiko: ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Hata ikifa, haijamalizana nawe. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kwa hiyo usiivunje uani wala kumwaga asidi yake kwenye mtaro. Irudishe dukani ikiwa nzima, na udai ipunguzwe kwenye bei ya mpya.