Kila Bomba na Namba Yake

Leo tuzungumze juu ya mabomba, yale mafundi wengi wanayoyaita tiyo.

Mabomba mawili yamelala chini mbele ya mlango wa ateliye. Yote mawili ni ya inchi 4. Upana wa nje ni ule ule, milimita 114,3. Vumbi ni moja na kutu ni moja. Lakini ukuta wa bomba la kwanza una unene wa milimita 6,02, na wa bomba la pili milimita 8,56. La kwanza likiwa na urefu wa metre 6 lina uzito wa kilo 96 hivi. La pili karibu kilo 134. Mtu akikuambia «lete lile bomba la inchi 4», utaleta lipi? Na wale wawili watakaolibeba begani, je, wamejua kwamba wanachukua kilo 37 zaidi?

Hilo ni kosa dogo, tena fundi mwenye akili ataliona akitazama kwenye mdomo wa bomba. Kuna kosa kubwa kuliko hilo, nalo halionekani kwa macho.

Tazameni viwanda vyetu vinavyotoa shaba kwa asidi. Asidi ya salfa ikiwa kali kabisa, asilimia 98, inaweza kukaa ndani ya tangi la chuma cha kawaida, maana inajifanyia ngozi nyembamba juu ya chuma, na ngozi ile inakilinda kama asidi haiendi mbio. Watu wengi hawaamini neno hili, lakini ni kweli. Basi ichanganye na maji, iwe nyepesi, kama ile ya vyumba vya elektrolizi yenye gramu 150 mpaka 200 kwa lita. Hapo asidi ile unayodhani ni dhaifu inakula chuma cha kawaida kwa haraka. Tena chuma kikiliwa hutoka hidrojeni, gesi inayolipuka ikikutana na moto wa kulehemu. Kwa sababu hiyo mainjinia wanaandika kwenye plani: mahali hapa inoksi 316L, pale plastiki ngumu, kule chuma chenye mpira ndani. Hawaandiki hivyo kwa kupenda vitu vya bei kali.

Sasa fundi anapokea plani, anakwenda magazini, kude la inoksi 316L limekwisha. Kando yake kuna kude lingine la inoksi, linang’aa vile vile, lakini ni 304. Ile 316L ina molibdeni asilimia 2 mpaka 3 ndani yake, 304 haikuwekewa. Wengine wanajivunia sumaku yao: «Sumaku haikamati, basi ni inoksi, funga.» Sumaku inaweza kukutenganishia chuma cha kawaida na inoksi ya namna hizi, lakini kati ya 304 na 316L haitakuambia neno. Utafunga, utajaribu kwa maji, halitavuja. Miezi itapita. Siku moja mwenzako anapita chini ya bomba lile.

Jambo la namna hii lilitokea Marekani, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP kule Texas City, mwaka 2005. Kiwanda kile kilikuwa kimekwisha kuona msiba mwezi wa Machi mwaka ule ule, mlipuko uliowaua watu 15. Moto tunaousimulia hapa ni mwingine, wa tarehe 28 Julai. Mwanzoni mwa mwaka mafundi walifungua mashine ya kubadilisha joto ili kuitengeneza. Palikuwa na makude yaliyofanana kwa umbo na kwa kipimo. Moja lilikuwa la chuma cha kawaida, mengine ya chuma kilichotiwa kromi. Wakati wa kuyarudisha, mawili yakabadilishana nafasi. Hakuna aliyejua. Bomba lile lilipitisha hidrojeni yenye joto na shinikizo kubwa, na hidrojeni ya namna hiyo huingia ndani ya chuma cha kawaida na kukidhoofisha. Baada ya miezi 3 hivi ya kazi kude likapasuka, moto mkubwa ukawaka, hasara ikafika dola milioni 30. Kwa neema mfanyakazi mmoja tu ndiye aliyeumia, tena kidogo. Watu wa serikali waliochunguza moto ule wakasema: vyuma vile vingepimwa na kutiwa alama kabla ya kufunguliwa na kabla ya kurudishwa, jambo hili lisingetokea.

Angalieni vizuri. Makude yale hayakutoka magazini siku hiyo. Yalikuwa mahali pake kwa muda mrefu, na yakapotea njia katika hatua chache kati ya mashine na sakafu. Basi alama inatakiwa kuwekwa kabla ya kufungua boloni ya kwanza.

Zamani kazi ya kufuata vyuma ilifanywa kwa fishi za karatasi. Bwana magazinye alikuwa na sanduku lake, kila namna ya bomba na fishi yake: vimeingia 40, vimetoka 12, vinabaki 28. Hatuzidharau fishi zile. Magazinye mwenye mwandiko mzuri na kichwa kizuri alishinda mashine nyingi. Lakini leo kazi moja tu ya kiwanda kipya inaweza kuwa na maelfu ya vipande, na ateliye nyingi zimeweka programu katika ordinatere, au kompyuta kama wengine wanavyosema. Wazee wengine wanaiogopa, wakidhani imeletwa ili kupeleleza watu. Tuwaeleze inavyofanya.

Kiwanda cha chuma huyeyusha chuma ndani ya chungu kikubwa, kama vile ninyi wa tanuru mnavyoyeyusha shaba. Kila chungu kina namba, na mabomba yote yaliyotoka katika chungu kile yanapigwa namba ile ile. Tuiite namba ya myeyusho. Pamoja na mabomba inakuja karatasi ya ushuhuda, sertifika, inayosema chungu kile kilikuwa na kromi kiasi gani, nikeli kiasi gani, na chuma kilivutwa kwa nguvu gani hata kikakatika. Namba hii kwa bomba ni kama jina la mtoto kwenye karti yake ya kupimwa. Mama akipoteza karti, mtoto angali yule yule, lakini muuguzi hajui tena sindano zipi amekwisha kupata.

Mabomba yakifika, magazinye analinganisha namba iliyopigwa juu ya chuma na ile ya sertifika. Zikipatana, anaiandika katika programu, anabandika kibandiko chenye mistari au miraba midogo, ambacho kifaa cha mkononi kinaweza kukisoma. Zisipopatana, bomba linawekwa peke yake, mahali palipofungwa, na programu inakataa kulitoa. Hapo ndipo kapita anaanza kupiga makelele kwamba kazi inachelewa. Apige.

Halafu ofisi inaingiza plani. Programu inagawanya njia ndefu ya mabomba katika sehemu zinazoweza kulehemiwa ateliye na kubebwa kwa gari, inaipa kila sehemu namba, inahesabu makude, bride na vane zinazotakiwa, kisha inaviweka akiba kwa jina la kazi ile. Neno hili la akiba linaleta ugomvi kila siku. Kwenye rafu kuna makude 12, programu inasema yaliyo huru ni 2. Fundi anakasirika: «Macho yangu yanaona 12!» Ni kweli anaona 12, lakini 10 yana mwenyewe. Akichukua 4, wenzake wa zamu ya pili watakosa 2, na mtu anayekosa kitu saa ya mwisho ndiye anayetafuta kinachofanana nacho.

Programu inajua pia kupanga ukataji. Tuseme unahitaji vipande 2 vya metre 3,50 na vipande 2 vya metre 2,40, na mabomba yako ni ya metre 6. Ukikata zile 2,40 zote katika bomba moja, utahitaji mabomba mengine 2 kwa zile 3,50. Jumla 3. Ukikata 3,50 na 2,40 katika kila bomba, mawili yanatosha, na kinachobaki ni kama sentimita 10 kila moja, ukitoa njia ya msumeno. Kwa vipande 4 hata mtoto wa shule ataona. Kwa vipande 400, iachie ordinatere.

Sasa tuje kwenye msumeno, maana hapo ndipo mambo mengi yanaharibika. Namba ya myeyusho kwa kawaida imepigwa karibu na mwisho mmoja wa bomba. Ukikata kipande chenye namba ukaondoka nacho, bomba lililobaki limekuwa yatima. Ni chuma kizuri cha bei kali, lakini hakuna anayeweza kuapa ni chuma gani. Kwa hiyo andika namba juu ya kipande cha pili kabla ya kukata. Ukisema utaandika baada ya kukata, kengele ya chakula italia.

Tuliwahi kusikia maneno kama haya kati ya fundi kijana na mzee wake:

«Yaya, kipande hiki kilitoka katika lile bomba la jana, mimi mwenyewe nilikikata.»

«Mudogo, jana ulikata mabomba mangapi?»

«Saba.»

«Basi kipeleke kwa mwenye kipimo.»

Kipimo alichosema ni kile kifaa kinachofanana na bastola, kinachopeleka miali ya eksirei juu ya chuma na kuandika kromi, nikeli na molibdeni kwa muda mfupi. Kinafanya kazi nzuri sana. Lakini usikielekeze kwa mkono wako wala kwa mwenzako kwa mchezo, na akishike yule tu aliyefundishwa.

Mafundi wengine hutia mstari wa rangi kwa urefu wote wa bomba, ili kila kipande kibaki na rangi yake. Ni desturi nzuri. Ila kila kampuni ina rangi zake, hakuna sheria moja ya dunia nzima. Ukitoka kampuni nyingine, sahau rangi za kule.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaitaji mara nyingi, nayo ni ya mapafu. Msudere akijua bomba ni la namna gani, anajua moshi wake. Bomba lililopakwa zinki likichomwa linatoa moshi mweupe; jioni, au usiku ule, mtu anatetemeka, ana homa, mke wake anadhani ni malaria. Maziwa hayaponyi jambo hilo, ingawa wengi wanaamini. Ondoa zinki kwanza mahali pa kulehemu, fungua hewa, vaa maski inayofaa. Moshi wa inoksi una kromi ya namna mbaya. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliuweka moshi wa kulehemu katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Karatasi ya kazi iliyotoka katika programu inataja chuma chako juu kabisa. Isome kabla ya kuwasha.

Kila kiungo kilicholehemiwa kinaingizwa nacho: namba ya kiungo, alama ya msudere, namba ya elektrodi. Baadaye bomba linajaribiwa kwa maji, kwa desturi mara 1 na nusu ya shinikizo la kazi. Jaribio hili linaonyesha kama kiungo kinavuja. Halionyeshi kama chuma ni kile kilichoandikwa. Kude la chuma cha kawaida litavumilia maji bila taabu.

Lakini ordinatere haina macho. Inajua yale tu iliyoambiwa. Usiku magazinye amelala kwake, pampu imeharibika, mukubwa wa zamu anachukua kude na bride 2, anasema ataandika kesho. Akisahau, programu itaendelea kuahidi vitu visivyokuwapo. Dawa yake ni daftari mlangoni, saini na saa, hata kwa penseli. Daftari hilo linasaidia pia umeme ukikatika, na kwetu umeme unakatika. Tena ni vizuri kuhesabu rafu chache kila juma, kuliko kungoja mwisho wa mwaka na kuhesabu zote kwa haraka.

Na ninyi wa kambini, neno moja. Vipande vya mabomba vinavyotoka ateliye bila karatasi, ili kutengenezwa mbabula au kuleta maji jikoni, vinaharibu hesabu, lakini si hiyo tu. Bomba la zamani linaweza kuwa lilipitisha asidi au maji ya sumu, na huwezi kulijua kwa kunusa. Mapipa ni vile vile: pipa lililobeba dawa za kiwanda halitunzi maji ya kunywa, hata ukiliosha mara kumi. Kama liko kwako tayari na lina maandishi, nakili maandishi yale, umpe mume wako ayapeleke ofisi ya usalama, wamwambie lilibeba nini. Mpaka jibu lirudi, watoto wasichote humo.