Kesi ya trafiki Songea: Hakimu anafanya nini, na kwa nini usikimbilie kusema "ni kweli"

Chukulia wewe ni bodaboda wa Lizaboni. Jioni, mvua inanyesha, umemgonga mtu anayevuka barabara pale Mfaranyaki. Kavunjika mguu. Pikipiki imebaki kituo cha polisi, na siku chache baadaye umesimama kizimbani. Shtaka linasomwa, kisha hakimu anakuuliza: ni kweli au si kweli?

Wengi hujibu "ni kweli, Mheshimiwa" ili yaishe, warudi kazini. Jibu hilo la sekunde mbili linaweza kukugharimu leseni, faini au jela. Ndiyo maana ni vizuri kumjua huyu aliyekaa mbele yako, kazi yake na mipaka yake.

Ni hakimu, si jaji

Mtaani watu wanachanganya. Jaji anakaa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, na anateuliwa na Rais. Kesi nyingi za barabarani zinaanzia chini, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na huko anayeamua ni hakimu. Huyu anateuliwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu.

Na hakimu huyo hasikilizi mambo ya trafiki tu. Asubuhi anaweza kuwa na kesi ya wizi, saa nne akasikiliza dereva wa lori, mchana akarudi kwenye mgogoro wa madai. Kosa la barabarani ni jinai kama jinai nyingine. Tofauti ni sheria inayotumika: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.

Anafikaje pale?

Njia ni ndefu. Kwanza shahada ya sheria. Pili, Shule ya Sheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Halafu anaomba kazi kupitia Tume, anafanyiwa usaili, anaapishwa. Mahakimu wengi huanzia Mahakama ya Mwanzo, mara nyingi wilayani mbali na kwao, kabla ya kupanda Mahakama ya Wilaya. Mbele kuna uhakimu mfawidhi, yaani kusimamia kituo, na usajili. Akitimiza sifa za kikatiba, ikiwemo uzoefu usiopungua miaka 10, anaweza hata kuteuliwa kuwa jaji.

Trafiki hahukumu

Askari wa usalama barabarani anaweza kukusimamisha, kukukagua na kukuandikia kosa. Ukikubali kosa unalipa faini kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa kumpa mtu pesa mkononi. Kwa magari faini hiyo imekuwa Sh30,000 kwa kosa. Kwa bodaboda na bajaji bajeti ya 2021/22 iliishusha hadi Sh10,000.

Hukubali? Ni haki yako kusema kesi iende mahakamani. Huko askari anageuka kuwa shahidi tu. Anaulizwa maswali na wewe, na maneno yake yanapimwa kama ya shahidi mwingine yeyote.

Ajali peke yake haitoshi

Hapa ndipo kazi ya hakimu inakuwa ngumu. Songea imekaa njia panda: barabara ya Njombe na Makambako, ya Mbinga mpaka Mbamba Bay, na ya Namtumbo na Tunduru kuelekea Mtwara. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yanapita humohumo na bodaboda, baiskeli na watoto wa shule. Likitokea balaa, watu wanataka mtu afungwe leo leo.

Lakini hakimu hawezi kumfunga dereva kwa sababu tu kuna maiti au majeruhi. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe, bila kuacha shaka ya msingi, kwamba huyu ndiye aliyekuwa anaendesha, kwamba aliendesha kwa hatari au uzembe, na kwamba kuendesha huko ndiko kulikosababisha madhara.

Kwa hiyo anaangalia vitu: mchoro wa eneo la ajali, alama za matairi, ripoti ya mkaguzi wa magari kuhusu breki na usukani, PF3 au ripoti ya daktari, na mashahidi walioona. Mwendo je? Ndani ya makazi, sheria inataka usizidi kilomita 50 kwa saa. Pombe je? Kikomo ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu.

Shahidi anayesema "alikuwa anakimbia sana" ataulizwa: ulikuwa umesimama wapi, umejuaje?

"Ni kweli, ila breki zilikataa"

Turudi kwa bodaboda wetu. Akisema hivyo, hajakiri kosa. Ametoa utetezi. Hakimu makini ataandika kuwa mshtakiwa amekana, na kesi itaendelea kwa ushahidi.

Akisema "ni kweli" tupu, anasomewa maelezo ya tukio na kuulizwa tena kama yote ni sahihi. Akikubali, anatiwa hatiani palepale bila shahidi hata mmoja kuitwa. Na ubaya wake ni huu: aliyekiri kosa kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Kinachobaki ni kulalamikia adhabu, ukubwa wake au uhalali wake.

Kama kweli umekosa, kukiri ni uungwana, na hakimu anaweza kukuzingatia wakati wa adhabu. Kama hukubali, au hujaelewa shtaka, sema hivyo hivyo kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Usione aibu kuomba usomewe tena.

Ukishindwa, au ukiwa upande wa majeruhi

Hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi inakatiwa rufaa Mahakama Kuu, na Songea ipo. Toa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Omba nakala ya hukumu mapema.

Kwa familia ya aliyegongwa: dereva kufungwa hakuwaletei hela ya matibabu moja kwa moja. Hakimu anaweza kuamuru fidia, lakini madai ya bima ni njia nyingine, na kesi ya madai ya namna hii ina kikomo cha miaka 3. Hukumu ya kumtia dereva hatiani inawasaidia sana huko, hivyo tunzeni nakala yake, PF3 na risiti za hospitali.

Na hakimu naye akikosea?

Kukosea kisheria kunatibiwa na rufaa. Kukosa maadili, kama kuomba rushwa au kutukana wadaawa, kuna mlango wake: Kamati za Maadili ya Maafisa Mahakama. Ya mkoa mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, ya wilaya ni Mkuu wa Wilaya. Kwa rushwa, piga TAKUKURU 113, bure.

Kwa hiyo siku ukisimama pale, vuta pumzi. Sikiliza shtaka mpaka mwisho, uliza usichoelewa, ndipo ujibu. Pikipiki inaweza kusubiri siku mbili zaidi. Rekodi ya jinai utatembea nayo muda mrefu.