Ujumbe wa Simu kwa Mjamzito: Mipangilio ya Kuhakiki

Mwaka 2012 ilizinduliwa Tanzania huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyowatumia wajawazito ujumbe mfupi wa simu bila malipo kwa kufuata umri wa mimba. Programu ya namna hii haimwoni mama. Hufuata tarehe na namba iliyopewa. Kwa hiyo mhudumu, uwe Ujiji au kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, hakiki mambo matatu. Umri wa mimba ukikosewa, ushauri wote hufika nje ya wakati wake. Namba ikiwa ya mume aendaye kuvua dagaa usiku, ujumbe hulala ziwani, na siri ya mama huwa wazi. Mimba ikiharibika, usajili usitishwe siku hiyo hiyo, asije mama mwenye majonzi akahimizwa kuandaa nguo za mtoto. Nawe mama, kila hudhurio la kliniki, uliza taarifa zako zimeandikwaje.